Picha Itangulie Mgonjwa: Saratani ya Utumbo Inapofika kwenye Ini

Mwongozo huu ni wako wewe unayebeba faili. Kila nyumba yenye mgonjwa wa saratani huwa na mtu huyo: binti aliyesoma, mpwa mwenye simu nzuri, mke anayejua kila karatasi imo katika bahasha gani. Mgonjwa naye ana haki ya kuusoma. Lakini njia ya kutoka Vitengeni, kwetu Ganze katika kaunti ya Kilifi, hadi kwa daktari anayekata ini ni ndefu, na mmoja wenu lazima awe na nguvu za kusimama foleni.

Umeambiwa, Kilifi au Mombasa, kwamba baba ana saratani ya utumbo mpana au ya puru, na kwamba imeshafika kwenye ini. Karatasi inasema daraja la nne. Hapo familia nyingi hugawanyika: kuna wanaoanza kuwaza matanga, na kuna wanaoanza kuhesabu mbuzi wa kuuza ili mzee apelekwe India. Wazuie wote kwa wiki chache. Saratani nyingi zikifika daraja la nne hazina tena mlango wa kupona. Hii ya utumbo, ikiwa imehamia kwenye ini peke yake au karibu peke yake, bado inao. Mlango wenyewe ni mwembamba: katika kila wagonjwa watano wenye madoa ya ini, takriban mmoja ndiye anayeweza kupasuliwa tangu mwanzo, na baadhi ya wale wanne hufikia hapo baada ya kemo kuyapunguza madoa yao. Kujua kama baba yumo kunahitaji macho ya daktari bingwa wa upasuaji wa ini, aliyeitazama picha ya CT mwenyewe. Asiyekata ini akikwambia haikatiki, amekupa maoni tu. Hukumu bado.

Kwa nini ini? Karibu damu yote inayotoka kwenye matumbo hupitia kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, vile gari lisivyoweza kukwepa kizuizi cha kwanza cha polisi barabarani. Chembe za saratani zikisafiri, hapo ndipo zinaponaswa, na hapo ndipo zinapoota. (Uvimbe wa chini kabisa kwenye puru una njia ya pili ya damu, ndiyo maana wenye huo hupimwa mapafu kwa makini zaidi.) Kilichoota kwenye ini ukikitazama kwa darubini ni chembe za utumbo, na dawa zake ni za saratani ya utumbo. Jirani aliyekufa kwa saratani ya ini iliyotokana na homa ya ini B alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, kwa hivyo usikubali hadithi yake iwe ramani yako.

Yasiyosubiri picha

Kabla ya kuzungumzia utaratibu, yako mambo yanayovunja utaratibu. Tumbo likivimba na kukaza, mgonjwa akawa hapiti choo wala hatoi upepo, na anatapika, utumbo umeziba. Hiyo ni safari ya usiku huohuo hadi hospitali ya kaunti Kilifi, na kituo cha afya kisitumike kwa zaidi ya dripu na barua ya rufaa. Vivyo hivyo damu nyingi isiyokoma kwa njia ya haja kubwa, na macho kugeuka manjano pamoja na homa na kutetemeka.

Utumbo ukiwa umeziba, madaktari wanaweza kutoa sehemu yake kwenye ngozi ya tumbo ili choo kiingie mfukoni. Wazee wetu huupokea mfuko huo vibaya kuliko saratani yenyewe, na nimesikia mtu akisema afadhali kaburi. Mwambie baba mambo mawili: mara nyingi hurudishwa ndani baadaye, na bila mfuko huo hakuna kemo, hakuna ini, hakuna mazungumzo. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mwombe muuguzi akufundishe kuubadilisha kwa mikono yako mwenyewe mbele yake, na uondoke na mifuko ya akiba, maana maduka ya dawa ya huku kwetu hayaiweki.

Kama utumbo haujaziba na hauvuji damu sana, hakuna haraka ya kuukata kwanza. Hili huwashangaza wengi: uvimbe upo pale, mbona usitolewe? Kwa sababu maisha ya mgonjwa sasa yanategemea ini, na upasuaji mkubwa wa utumbo ukimletea matatizo unaweza kuchelewesha kemo kwa miezi. Wako wanaoanza na kemo, wako wanaokatwa ini kwanza na utumbo baadaye, na wako wanaokatwa vyote siku moja. Ukiambiwa baba apasuliwe utumbo wiki ijayo, uliza kwa adabu: “Daktari, tukiukata huu kwanza, ini litasubiri kwa muda gani?”

Faili lenye meno

Faili ninalolitaka lina vitu vichache, na kila kimoja kina sababu.

Cha kwanza ni ripoti ya kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe, kwa kawaida kwa kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Uliza mahali kipande chenyewe kilipohifadhiwa, kwa kuwa baadaye kitahitajika kupimwa vinasaba. Doa la ini lenyewe lisichomwe sindano kabla mpasuaji wa ini hajaliona. Kama linaweza kukatwa, sindano inaweza kumwaga chembe njiani, na mara nyingi jibu la utumbo pamoja na picha vinatosha.

Cha pili ni skani ya CT ya kifua, tumbo na nyonga, iliyopigwa kwa dawa ya mshipani, na upande wa ini ipigwe kwa awamu zaidi ya moja. Altrasaundi ya tumbo ndiyo huwa imefungua kesi, lakini haitoshi kuamulia kisu. Huweza kukosa madoa madogo, na jipu la ameba au uvimbe usio na madhara huweza kuonekana kama saratani. Figo zipimwe kabla ya ile dawa. Ukimaliza, usiondoke na karatasi ya ripoti peke yake. Dai picha zenyewe, kwenye CD au kwenye simu kwa kiungo cha hospitali. Ripoti ni maneno ya mtu aliyeona. Mpasuaji anataka kuona mwenyewe mishipa mikubwa ya ini imepita umbali gani na madoa.

Cha tatu ni damu: wingi wa damu, kazi ya ini na figo, na kipimo kiitwacho CEA, ambacho ni alama ya saratani hii kwa wagonjwa wengi ingawa si wote. Namba yake ya leo haina maana kubwa. Itakuwa na maana utakapoilinganisha na ya miezi mitatu ijayo. Ongeza kipimo cha homa ya ini B na cha virusi vya Ukimwi. Homa ya ini B iliyolala inaweza kuamshwa na kemo ikamharibu mgonjwa kuliko saratani, na kuna vidonge vya kuizuia ikijulikana mapema.

Njia ya picha

Kituo cha afya Vitengeni hakitibu ugonjwa huu, lakini usikidharau. Hapo ndipo barua ya rufaa inapoanzia, na baadaye hapo ndipo mtakapokimbilia homa ikipanda. Mwambie daktari wa hapo, kwa jina la ugonjwa, kwamba mzee yuko kwenye kemo au ataanza. Kisha Kilifi, kwenye hospitali ya kaunti. Kutoka Kilifi ni Mombasa, Coast General, ambayo wazee bado wanaiita Makadara. Huko kuna kituo cha saratani na kemo hutolewa. Upasuaji mkubwa wa ini hufanyika hasa Nairobi: Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, Aga Khan na nyinginezo za binafsi.

Sasa angalia. Ukimbeba baba aliyekonda kutoka Vitengeni hadi Nairobi ili akaonwe kwa dakika kumi, umetumia nauli ya watu wawili, malazi, na nguvu zake. Picha haikondi. Iombe timu ya Mombasa iipeleke kesi kwenye kikao cha madaktari, kile ambamo mpasuaji, daktari wa kemo na mtaalamu wa picha hukaa pamoja, na picha zitumwe Nairobi kabla ya mgonjwa. Kama hospitali haina njia ya kuzituma, wewe mwenye faili panda gari na CD peke yako. Baba asafiri siku ambayo kuna kitu cha kufanyiwa.

Na swali la kupeleka ni hili, ulikariri kama lilivyo: “Daktari, madoa haya yanaweza kukatwa sasa, yanaweza kukatwa yakipunguzwa kwa kemo, au hayakatiki? Na kama hayakatiki, ni nini kinachozuia?” Majibu hayo matatu ni njia tatu tofauti za matibabu, za pesa na za maombi. Sehemu ya pili ya swali usiiache. Kizuizi kikiwa ni ukubwa wa madoa, kemo inaweza kukiondoa. Kikiwa ni saratani iliyoenea pia kwenye utando wa tumbo na mifupa, hilo ni jambo jingine.

Zamani walikuwa wakihesabu madoa: yakizidi matatu, basi. Siku hizi wanatazama kinachobaki. Ini huota tena, na mtu mwenye ini zima anaweza kuishi akiachiwa takriban robo yake, mradi kipande hicho kina damu inayoingia, damu inayotoka na njia ya nyongo. Ini lililochoshwa na kemo huachiwa zaidi, karibu theluthi, na lililoharibiwa na pombe zaidi ya hapo. Kwa hiyo mnazi wa jioni, hata kibuyu kimoja, uishe siku ya kwanza ya safari hii. Kipande kitakachobaki kikionekana kidogo, kuna mbinu ya kuziba mshipa wa upande wenye ugonjwa ili upande mzima unenepe kwa wiki kadhaa kabla ya kisu.

Pesa, kabla ya mbuzi

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake na kutozwa asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa mwaka mzima kwa mpigo. Usajili ni kwa *147#, na mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini anaweza kukusaidia. Mwaka usiolipwa ni mwaka usio na kemo, kwa hiyo mchango wa kwanza wa ukoo, kabla hata ya nauli, uende huko.

Kwa viwango ilivyoanza navyo, SHA ililipa hadi shilingi 400,000 kwa mwaka kwa saratani, na zikiisha, mfuko wa magonjwa sugu ukaongeza 150,000. Uliza dawati la SHA hospitalini kiwango cha sasa ni kipi, na kumbuka hesabu ni ya kaya, si ya mtu. Fungu hilo ni moja, na ndani yake mna skani, kemo na vinginevyo. Ndiyo maana mpangilio ni muhimu: skani mbovu iliyorudiwa mara mbili, au dawa ya bei kali iliyoanzishwa kabla ya kipimo cha kusema kama itafanya kazi, inakula fungu la kisu. Kila matibabu huombewa idhini kwanza. Usikubali kuondoka na neno “itapita” bila kujua imeombwa lini na nani anayefuatilia.

India? Baadhi hurudi wamekatwa vizuri. Lakini hospitali za huko pia husoma CD. Tuma picha, pata maoni na makadirio ya gharama kwa maandishi, kisha yalinganishe na ya Nairobi. Anayekutaka ulipe kwanza ndipo aitazame picha anakutafutia biashara. Na shamba lisiuzwe kabla ya jibu la lile swali.

Kemo na maisha ya Vitengeni

Utasikia majina FOLFOX, CAPOX na FOLFIRI. Ni mchanganyiko wa dawa zilezile chache. FOLFOX hurudiwa kila wiki mbili, na sehemu yake huingia mwilini polepole kwa saa 46 kwa pampu, jambo linalohitaji kulala hospitalini au kurudi kutoa mrija. CAPOX ni kila wiki tatu: dripu ya siku moja ya oksaliplatini, kisha vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni, baada ya chakula, kwa siku 14, halafu wiki ya mapumziko. Kwa mtu wa Ganze tofauti hiyo ni kubwa. Nguvu zake kwa ugonjwa huu hazipishani sana, kwa hiyo muulize daktari waziwazi kama baba anafaa kwa CAPOX, ukimweleza mnakotoka na usafiri ulivyo. Madaktari wengi hawajui matatu ya Vitengeni hujaa saa ngapi. Sharti moja: mzee awe anaweza kumeza dawa kwa nidhamu na kuziacha akiambiwa. Akiharisha mara nne zaidi ya kawaida yake kwa siku, au midomo ikachubuka asiweze kula, vidonge visimame siku hiyohiyo na simu ipigwe. Yuko mtu mmoja mmoja ambaye mwili wake hauwezi kuvunja dawa hii, na huonyesha mapema, katika mzunguko wa kwanza, kwa ukali.

Oksaliplatini inachukia baridi. Kwa siku kadhaa baada ya dripu, maji ya friji yatambana koo mpaka adhani anakufa, na chupa ya soda baridi itamchoma vidole. Katika joto letu kila mgeni anayekuja kumjulia hali hubeba kitu cha baridi kwa mapenzi, kwa hiyo waambie mlangoni. Baadaye huja ganzi ya vidole na nyayo. Mkulima aliyeanza kuangusha jembe, au mama asiyeweza tena kufunga vifungo, aliseme mapema, maana dozi inaweza kupunguzwa au dawa kusimamishwa kabla ganzi haijawa ya kudumu. Kapesitabini nayo huchubua viganja na nyayo: viatu laini, mafuta ya kujipaka yasiyo na manukato, na asitembee peku kwenye mchanga wa mchana.

Kisha homa. Hapa nataka usome polepole. Nunua kipimajoto. Kuanzia kama wiki moja baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka, na mwili hauna askari. Joto likifika 38, huku kwetu kila mtu atasema malaria, na mgonjwa atapewa vidonge na kulazwa kwenye mkeka. Mgonjwa wa kemo anaweza kufa kabla ya asubuhi kwa maambukizi ambayo mwingine angetembea nayo. Apimwe malaria, ndiyo, lakini iwe imeonekana au haikuonekana, apimwe damu na apewe antibiotiki za mshipani haraka. Panga mapema na mwenye gari au bodaboda atakayeitika saa nane za usiku, na uandike kwenye karatasi moja: jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho, simu ya kliniki ya saratani. Maji ya kunywa yachemshwe, hasa kama ni ya bwawa.

Kula: sima si adui. Kuna uvumi kwamba sukari na wanga hulisha saratani, na nimeona watu wakiwanyima wagonjwa chakula kwa upendo mpaka wakawa dhaifu wasiweze kuhimili kemo. Kunde, maharagwe, mayai, samaki, maziwa, uji mzito; kidogo kidogo, mara nyingi.

Baada ya miezi miwili au mitatu picha irudiwe, na irudi kwa mpasuaji wa ini. Hapa ndipo wengi hupotea. Kemo ikifanya kazi vizuri familia husema tuendelee, si inapungua? Lakini kemo huichosha nyama ya ini kadiri inavyoendelea, na doa likitoweka kwenye picha, mara nyingi chembe zake bado zimo ndani, ila sasa mpasuaji hajui pa kukata. Lengo ni kufikia hali ya kukatika, basi. Wanaofaa kupasuliwa hupumzishwa wiki nne hadi sita baada ya dripu ya mwisho, kisha huingia.

Siku ya kisu na baada yake

Ukoo ujipange kwa damu. Ini lina mishipa mingi, na benki ya damu huomba ndugu wachangie. Wachangie kabla, si asubuhi ya upasuaji. Madoa madogo, ya chini ya sentimita tatu, mengine huunguzwa kwa sindano ya joto badala ya kukatwa, au hufanywa yote mawili pamoja. Mahali penye uzoefu, wanaofariki kutokana na upasuaji wenyewe ni wachache, kiasi cha mmoja hadi watatu kwa mia. Mlolongo wa kawaida ni wiki moja hivi hospitalini, kisha mwezi na nusu hadi miwili ya kupata nguvu. Akiruhusiwa, akae kwanza kwa jamaa wa karibu na hospitali kwa siku kadhaa. Kurudi Pwani kwa treni ni heri kuliko basi, na hiyo njia ya vumbi ya mwisho iendeshwe taratibu.

Matokeo nitakwambia kama yalivyo, kutoka hospitali kubwa za dunia: katika kumi waliokatwa ini, wanne hivi wako hai miaka mitano baadaye. Zaidi ya nusu saratani huwarudia, wengi katika miaka miwili ya kwanza, na baadhi yao hukatwa tena. Kwa hiyo CEA kila miezi mitatu na picha kila miezi mitatu hadi sita, kwa miaka miwili, hata kama mzee anapalilia mahindi na anasema amepona.

Ikiwa haikatiki

Bado kuna matibabu. Bila dawa, wengi hawamalizi mwaka. Kwa kemo pamoja na dawa za kisasa, wagonjwa wa majaribio makubwa wameishi kwa wastani wa miaka miwili na zaidi. Hapa ndipo vile vinasaba vinapoingia. Dawa za setuksimabu na panitumumabu hazimsaidii mwenye mabadiliko katika vinasaba vya RAS, na karibu nusu ya wagonjwa wanayo. Kuzinunua kabla ya kipimo ni kumwaga pesa. Bevasizumabu haihitaji kipimo hicho, ila ni ghali. Kundi dogo, kama watano kwa mia, saratani yao ina kasoro iitwayo MSI, na hao hufaidika na pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga, kuliko kemo. Kipimo cha MSI kiombwe kwenye kile kipande cha kinyama.

Utasikia pia habari za kubadilishiwa ini. Utafiti uitwao TransMet, uliochapishwa 2024 na kufanyika hasa Ufaransa, ulionyesha asilimia 57 ya waliopangiwa ini jipya pamoja na kemo wakiwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 13 ya waliopata kemo peke yake. Lakini walikuwa watu 94 waliochujwa kwa ungo mkali: saratani iko kwenye ini tu, uvimbe wa utumbo umeshatolewa, kemo imeshika kwa miezi. Mtu akikuuzia habari hiyo kama tiba ya kila mmoja, muulize hayo matatu.

Maneno ya nyumbani

Mitishamba. Sitakutukania mganga wala mti wa mkilifi wa uani. Ila kila unachokunywa kinapita kwenye ini lilelile tunalojaribu kuliokoa, na vipimo vya ini vikiharibika daktari hatajua kama ni saratani, ni kemo, au ni kile kibuyu. Wakati wa kemo, na wiki zinazozunguka upasuaji, dawa za kienyeji zisimame. Kama tayari amekunywa, mwambie daktari bila aibu.

Na kuna jambo ambalo miongozo ya Nairobi haitaji. Mtu akikonda, tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano, huku Ganze kuna mahali ambapo jina la mzee fulani hutajwa kabla ya jina la ugonjwa. Wazee wameuawa katika kaunti hii kwa tuhuma za uchawi, na Kaya Godoma imekuwa kimbilio la waliokoswakoswa. Kwa hiyo usifiche. Itisha kikao cha ukoo mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kusema mwenyewe, mwalike mzee wa mtaa, na useme jina la ugonjwa, mahali ulipoanzia na mahali ulipofika. Kama kuna mhudumu wa afya wa kuandamana nawe, bora zaidi. Siri ya saratani inaweza kumgharimu ami asiye na hatia.

Maumivu yasisubiri siku za mwisho. Ini likivimba huuma upande wa kulia chini ya mbavu, mara nyingine hadi begani. Mofini ya maji, ikitolewa kwa saa na si kwa kusubiri maumivu, haimfanyi mzee mlevi wala haimharakishii kifo. Hufunga choo, basi apewe na dawa ya kulainisha. Coast Hospice ya Mombasa wanafanya kazi hii, na uliza hospitali ya Kilifi kuhusu huduma ya tiba shufaa karibu nawe. Unaweza kwenda kwao huku kemo ikiendelea.

Watoto wa mgonjwa

Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitangaza mwaka 2019 kwamba ana saratani ya utumbo ya daraja la nne. Alitibiwa Paris. Alifariki Nairobi tarehe 26 Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 41. Namtaja kwa ajili ya umri wake: damu kwenye choo cha kijana wa miaka 35 huitwa bawasiri au ameba, na hupewa dawa za minyoo mwaka mzima bila mtu kuingiza hata kidole kupima. Damu isiyokwisha baada ya dawa moja, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au upungufu wa damu kwa mwanamume mzima asiye na sababu, vinahitaji kamera.

Mwongozo wa taifa unawataka watu wote kuanza kupimwa wakiwa na miaka 45, kwa kipimo cha choo kila mwaka au kamera kila miaka kumi. Watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa hawangoji hiyo 45: wanaanza kwa kamera wakifika 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogunduliwa nao mgonjwa, lipi litangulie. Kama baba aligunduliwa akiwa na 46, wewe unayebeba faili uende ukiwa na 36.